Nani Amelala Nyuma

Mama Waya alikuwa akisugua tumbo la throto, yaani mlango wa hewa, ya teksi moja kuukuu kwa mswaki uliokwisha meno, petroli ikimchuruzika hadi kwenye viwiko, gari la wagonjwa lilipoingia uani kwake na kusimama chini ya bati. Hakuinua kichwa. Mlio wa gari lile aliujua, na dereva wake alimjua zaidi.

"Hodi, shemeji," dereva alisema, mikono bado iko kwenye usukani.

Mama Waya aliendelea kusugua. Ilikuwa imepita miaka miwili tangu aache kumjibu mtu yule salamu. Dereva alikuwa rafiki wa mumewe tangu utotoni, walikula sahani moja na kuvaa viatu vya kuazimana, na mume huyo alikata roho ndani ya gari lile lile, katikati ya Kilima cha Tangi, hospitali ikionekana kwa macho. Mama Waya mwenyewe alikuwa ameketi pembeni ya machela. Alilisikia gari likikohoa, likinyong'onyea, likipanda kama linalosindikiza jeneza kabla jeneza halijapatikana. Tangu siku ile aliamini kwamba mumewe aliuawa na uvivu wa mguu wa mtu. Hakuwa peke yake. Mtaa mzima ulimwita dereva yule Polepole, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu.

"Sikuja kudai salamu," Polepole alisema. "Mkurugenzi kasema nikimchelewesha mgonjwa mwingine nikatafute kazi ya kusukuma mkokoteni. Mimi nakanyaga, shemeji. Nakanyaga mpaka pedali inagusa bati. Likifika kilimani linakataa. Nipimie tu. Ukikuta kosa ni mguu wangu, sema mbele za watu."

Chuki ina nguvu, lakini haijawahi kumzuia fundi kutazama gari linalokohoa. Mama Waya aliweka mswaki chini na kufuta mikono.

"Fungua boneti," alisema. Hiyo haikuwa salamu, na wote wawili walilijua hilo.

Mhasibu wa hospitali alishuka upande wa pili, shati limenyooshwa mpaka mikononi. Alikuwa amekuja kuhakikisha kwamba hakuna kitakachonunuliwa.

"Kupima, pima mama. Kubadilisha, fungu halipo," alisema kwa pumzi moja, akaomba kiti.

Gari linalokohoa mlimani na kutulia tambarare lina mambo mengi ya kushukiwa. Mama Waya alianza na sensa ya throto kama ilivyokuwa kawaida yake. Hiki ni kidude cheusi, ukubwa wake hauzidi kiberiti, kimebanwa kwa skrubu mbili ubavuni mwa mlango wa hewa. Kazi yake ni umbea. Dereva akikanyaga mafuta, mlango wa hewa hufunguka, na sensa hupeleka habari kwa kompyuta ya gari kwamba bwana huyu amekanyaga kiasi fulani. Kompyuta haiuoni mguu wa mtu. Inaamini inachoambiwa na kumimina mafuta kwa kadiri hiyo. Mmbea akidanganya, gari zima linaishi kwa uongo.

Alipenyeza pini moja nyuma ya waya wa habari na nyingine nyuma ya waya wa ardhi, akaziunganisha na kipimo chake cha umeme. Kilikuwa mita ya kizamani, ya mshale, aliyoachiwa na mumewe. Mafundi wenzake walikuwa na mita za tarakimu, na yeye aliziona zinababaika kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja kikombe. Mshale hauna maneno mengi. Sensa nzima ikifunguliwa taratibu, mshale hupanda kutoka nusu volti hadi volti nne na nusu bila kukata pumzi. Sensa iliyochakaa huwa na mahali palipokufa. Mshale ukifika hapo huanguka, kisha huinuka upande wa pili kama mtu aliyejikwaa akajifanya hakujikwaa.

"Geuza ufunguo, usiwashe injini," alisema. "Kanyaga taratibu mpaka mwisho. Achia. Rudia."

Mshale ulipanda vizuri, ukashuka vizuri, ukapanda tena.

"Sensa nzima," Mama Waya alisema.

"Basi ni mguu," mhasibu alisema kutoka kitini.

Polepole alitazama mbele kupitia kioo ingawa mbele hapakuwa na kitu ila boneti iliyoinuliwa.

Hapo binti yake Mama Waya alitoka chumba cha uani, tumbo limemtangulia, mkono mmoja kiunoni. Mimba ilikuwa yake ya kwanza na imekwisha kuwa nzito, na mume wake alikuwa kazini mbali, kwenye machimbo, akirudi pale bosi wake anapokumbuka kwamba watu wana wake. Jua lilikuwa kali. Ndani ya gari la wagonjwa kulikuwa na kivuli, na machela ilikuwa na godoro.

"Mama, nilale humu kidogo? Mgongo unaniwaka."

"Lala, mwanangu. Shemeji, rudia mara ya mwisho."

Mshale ulipanda hadi katikati ukaanguka.

Mama Waya aliigonga mita kwa kidole. Alizitikisa pini, akaufuata waya kwa mkono mpaka mwisho wake. Akaagiza pedali ikanyagwe tena, na mshale ukaanguka pale pale. Binti aliposhuka kwenda chooni, mshale ulipanda bila kukwama. Aliporudi na kulala, ukaanguka. Fundi anayejua kazi yake habishani na mita. Mama Waya alimwita fundi viatu wa kibanda cha jirani, ambaye alikuja na nyundo mkononi na misumari midomoni, akalala kwenye machela bila kuuliza sababu. Mshale ukaanguka.

Kisha alipanda mwenyewe. Alimpa binti mita aishike, akalala chali. Juu ya dari ya gari palikuwa na doa la kutu, na lilimjia wazo kwamba doa hilo ndilo kitu cha mwisho alichokiona mume wake duniani. Lilimuuma, likamuuma kweli, lakini hakusogea, kwa sababu kipimo kilikuwa hakijakwisha.

"Umeanguka, mama," binti alisema.

"Sasa wewe, baba," Mama Waya alimwambia mhasibu.

Mhasibu alikunja suruali isiguse vumbi, akalala. Polepole akakanyaga, na mshale ukapanda kutoka chini hadi juu kama umepakwa mafuta.

"Mimi gari hili halijawahi kunisumbua," mhasibu alisema akiwa amelala vile vile. "Nilidhani ni namna ninavyokaa."

"Kumbe ndiyo hivyo," Polepole alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba duka la kona siku hizi linafunga mapema.

Fundi viatu alitoa misumari mdomoni ili aongee vizuri. "Mimi nikifia kilimani nani atauliza? Mke wangu hana hata salio. Huyu bwana akichelewa, simu zitalia hospitali nzima kabla hajafika kwenye tangi."

"Na gari linajuaje hayo?" binti aliuliza.

"Litakosaje kujua? Si limeishi hospitali."

Mama Waya alizunguka hadi kwenye dirisha la dereva, akasimama hapo na mikono yake inayonuka petroli. Alimtazama mtu yule ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimpita sokoni kama anapita nguzo.

"Karibu, shemeji," alisema.

Polepole alitoa kitambaa mfukoni akaanza kufuta usukani, ambao haukuwa na vumbi. Aliufuta kwa muda mrefu.

Mafundi wa mtaa ule walikuwa na mtindo wao kwa sensa yenye mahali palipokufa. Ukipata mpya, unabadilisha. Usipopata, na mara nyingi hupati, unailegeza. Matundu ya skrubu zake ni marefu kidogo, kwa hiyo inakubali kuzungushwa huku na huku. Unaizungusha mpaka pale palipokufa pahamie mahali ambapo mguu wa mwenye gari haupiti sana, unakaza, unamwambia mteja gari limepona, na kwa kweli linatembea. Kilichokufa hakifufuki, walisema, kinahamishwa. Hakuna aliyekuwa na tabia ya kuuliza kimehamia wapi, mradi mteja amefika kwake.

Mama Waya alimlaza binti kwenye machela, akashika bisibisi. Alizungusha sensa unywele mmoja, akaagiza pedali, akazungusha unywele mwingine. Mshale ulianguka, ukaanguka kidogo, ukatetemeka, na hatimaye ukapanda wote hadi juu ukasimama hapo. Alikaza skrubu. Ili zisilegee njiani alizipaka tone la rangi ya kucha ya binti yake, nyekundu, kama alivyozoea.

Mhasibu alikuwa ameionja ile machela na mgongo wake ulikuwa umeshukuru. Akasema atarudi hospitali akiwa amelala. Pini za mita zilikuwa bado ziko kwenye waya, na Polepole alipojaribu pedali mshale ulipanda hadi katikati, ukaanguka, kisha ukainuka upande wa pili.

Mama Waya aliuona. Alikuwa peke yake mbele ya boneti.

"Vipi, mama? Unapanda?" mhasibu aliuliza kutoka nyuma.

"Unapanda," alisema. Akachomoa pini, akafunga boneti.

Siku zilizofuata gari la wagonjwa lilikipanda Kilima cha Tangi kana kwamba kilima kimesawazishwa. Fundi cherehani mmoja, aliyeanguka juu ya mashine yake moyo ukimgomea, alifika akiwa hai na akarudi kumalizia suruali za watu, jambo lililowashangaza waliokwisha kwenda kuzidai kwa mkewe. Mama mmoja mwenye mimba ya mapacha alijifungulia kitandani, wala si chini ya tangi kama dada yake. Watu walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema barabara imechongwa, ingawa katapila halikuonekana. Wengine walisema Polepole amefunzwa adabu. Jina lake lilibadilika akaitwa Risasi, na yeye alilivaa jina hilo kwa wasiwasi kama koti la kuazima.

Mama Waya hakumwambia mtu kitu. Usiku alilala vizuri, na asubuhi alijikuta akiimba juu ya injini za watu. Alikuwa na furaha, tuseme wazi, furaha yenye meno. Mwezi wa binti ulikuwa ukikaribia, na kila gari lile lilipopita barabarani yeye aliacha kazi akasikiliza linavyopanda, mpaka mlio ulipopotelea upande wa pili.

Kisha Mkurugenzi wa hospitali akashikwa na jiwe la figo, nyumbani kwake, wakati wa chai ya saa nne. Walimpakia kwenye machela. Gari likaenda vizuri tambarare, na lilipofika katikati ya Kilima cha Tangi likakohoa, likanyong'onyea, likapanda kwa mwendo wa mtu anayesoma vibao vya maduka. Mkurugenzi alipiga kelele, waliokuwa chini ya tangi wakichota maji wakamsikia. Alifika, akatibiwa, jiwe likatoka. Hakupungukiwa na kitu.

Kesho yake gari lilikuwa uani kwa Mama Waya, na pamoja nalo dereva, mhasibu, na Mkurugenzi mwenyewe, bado anatembea kwa uangalifu.

"Nani aliligusa gari hili?" Mkurugenzi aliuliza.

"Mimi, mzee."

"Limeharibika."

Mama Waya aliweka pini, akamwomba Mkurugenzi alale. Mkurugenzi alilala, mikono juu ya tumbo, na mshale ukaanguka katikati. Akamlaza binti, mshale ukapanda mpaka juu. Mkurugenzi aliitazama mita kama anavyotazama majibu ya maabara ya mtu mwingine.

"Ndiyo," alisema. "Limegeuzwa."

"Kabla ya hapo lilikuwa linaanguka kwa hawa, mzee. Kwa sisi."

"Kabla ya hapo lilikuwa zima. Sikuwahi kupata lalamiko."

"Wenye kulalamika walikuwa wameshakufa," fundi viatu alisema kutoka kibandani kwake, akaendelea kugonga soli.

Mkurugenzi alikiri kwamba hilo lilikuwa na uzito wake. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile sauti inayomwambia mgonjwa asile chumvi. Aliuliza kama haiwezekani mshale upande kwa watu wote. Mama Waya akasema inawezekana sana, kwa sensa mpya. Mkurugenzi akamgeukia mhasibu.

"Fungu halipo," mhasibu alisema, kwa masikitiko kidogo.

"Basi mahali palipokufa lazima pamwangukie mtu," Mkurugenzi alisema. "Mama, rudisha palipokuwa. Hospitali haiwezi kuongozwa na mtu aliyekwama kilimani."

"Sirudishi," Mama Waya alisema.

"Mafundi wako wengi."

"Wapo. Nenda kwao."

"Nitakwenda. Lakini akirudisha mwingine, itabidi ijulikane kwamba lilichezewa, na aliyelileta kuchezewa ni dereva. Ukirudisha wewe, lilikuja kufanyiwa marekebisho ya kawaida, na dereva ana kazi yake."

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na hawakusema umpishe ukiwa umefurahi. Mama Waya alimtazama Polepole. Polepole alikuwa akitazama tairi la mbele kwa makini makubwa, kama tairi hilo ndilo litakalowasomesha watoto wake.

"Shemeji, fanya unavyoona," alisema, bila kuinua macho.

Mama Waya alikuwa amemdhulumu mtu huyu miaka miwili kwa kosa lisilo lake. Hakuweza kumdhulumu tena mbele ya macho yake. Alibandua rangi ya kucha kwa ncha ya bisibisi, akalegeza skrubu, akamlaza binti kwenye machela kwa sababu palihitajika mtu. Akazungusha sensa nyuma unywele kwa unywele, akijiangalia mwenyewe anavyofanya, mpaka mshale ulipoanguka. Moyo wake ulianguka nao. Akakaza.

Mkurugenzi alishukuru. Mhasibu alitoa mkebe mdogo wa rangi ya kijani, ile ya milango ya hospitali, akafunika skrubu zote mbili ili zikiguswa ijulikane. Alipaka vizuri, bila kuchafua pembeni. Mchana huo huo Polepole alimpeleka mtu kutoka bondeni, na ilipofika jioni alikuwa amerudishiwa jina lake la zamani.

Uchungu ulimshika binti asubuhi moja, akiwa anaanika nguo. Mama Waya alikuwa chini ya gari la mhasibu, gari lake binafsi, lililokuwa na taa moja isiyowaka. Alitoka chini akampigia simu Polepole. Kisha alimtazama mhasibu aliyekaa kwenye kiti kile kile akisoma simu yake, akasimama akifikiri, na mawazo yakamfikisha mahali.

"Baba, gari likija panda ulale."

"Mimi siumwi, mama."

"Tunajua. Lala tu."

Mhasibu aliwaza kidogo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mwenye nguvu naye asinyimwe ya kwake: mtu yule hakukataa. Aliuliza tu kama atapata mto. Polepole alipofika, mhasibu alijinyoosha kwenye machela na viatu vyake, na binti akakaa kwenye ubao wa pembeni, amekishika chuma cha machela kwa mikono miwili. Mama Waya alimshika mabega. Kila uchungu ulipomjia, binti aliuma kitambaa, na mhasibu alimwambia pole.

Walikianza kilima. Mama Waya alisikiliza injini kwa mwili mzima. Mlio ulikaza, ukapanda, ukapita katikati ya kilima pasipo hata kikohozi.

"Hapa," Polepole alisema bila kugeuka.

"Nimepajua," Mama Waya alijibu. Alitazama dari, doa la kutu lilikuwa mahali pake. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Hospitalini manesi walimpokea mhasibu kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kwenye machela. Walimpima shinikizo la damu, ambalo halikuwa baya. Binti aliingia kwa miguu yake, akishikilia ukuta, na mtoto akazaliwa kabla mhasibu hajafunga vifungo vya shati. Alikuwa wa kiume, mzima, mwenye sauti.

Habari haikai kwenye gunia. Kabla mtoto hajaanza kufuata watu kwa macho, mtaa ulikuwa umejua namna ya kuumwa. Mtu akizidiwa, wenzake walitafuta kwanza mtu wa kulala. Waliofaa ni mwenye nyumba wa barabara ya juu, hakimu mstaafu, na meneja wa kiwanda cha maji, aliyependa kazi hiyo kwa sababu nyumbani kwake hakupata usingizi. Mgonjwa alikaa kwenye ubao. Asiyeweza kukaa alifungwa mkanda. Hospitali nayo, ili mambo yawe na utaratibu, iliwapangia wakubwa zamu ya kulala, na Mkurugenzi alizichukua zamu zake kama wengine, akishuka kila mara amepumzika. Aliwaambia wageni kwamba malalamiko yameisha kabisa.

Siku za mapumziko wakubwa hawakupatikana. Fundi viatu alianguka Jumapili. Mke wake alikwenda kwa mwenye nyumba akakuta wamesafiri, akaenda kwa hakimu akaambiwa bado yuko kitandani, lakini kitanda chake mwenyewe. Wakampandisha fundi viatu kwenye machela peke yake. Polepole alikanyaga mpaka pedali ikagusa bati. Katikati ya kilima fundi viatu aliomba wasimcheleweshe zaidi, akafa. Hakuna simu iliyolia. Kibanda chake kilibaki na viatu vya watu, vingi vya mguu mmoja, na wenyewe walikuja kuvichukua kwa zamu, kila mmoja akisema marehemu alikuwa na maneno.

Mama Waya alivua glovu siku ile akakaa kwenye kiti cha mhasibu hadi jioni. Alijilaumu, akamlaumu Mkurugenzi, akaulaumu mguu wake mwenyewe kwa kutokwenda kugonga milango ya wakubwa. Polepole alikuja akakaa chini, mgongo ukiegemea tairi. Hawakusalimiana, kwa kuwa walikuwa wameshasalimiana asubuhi.

Gari la wagonjwa liliendelea kuletwa kwake kila lilipofika wakati wa kukaguliwa. Alibadilisha oili, akatazama breki, na mwisho aliweka pini na kuisoma sensa, maana agizo lilikuwa aithibitishe kwamba ni nzima. Safari moja binti alikuwa uani anafua, mtoto analia, na kivuli kilikuwa ndani ya gari. Alimlaza kwenye machela, akamzungushia mito asiviringike, akarudi kwenye beseni. Mtoto alinyamaza. Alikuwa ameliona lile doa la kutu na linampendeza.

"Shemeji, kanyaga taratibu," Mama Waya alisema.

Hakuwa amepanga kumpima. Alikuwa ameinama juu ya mita kama siku zote, na alikumbuka nani amelala nyuma pale mshale ulipokwisha kuanza safari. Ulipanda kutoka nusu volti, moja, moja na nusu. Mama Waya aligundua kwamba anaomba. Mtoto yule hakuwa na deni na mtu wala jina sokoni. Hakuwa amewahi kuchelewa mahali popote. Mshale ulifika mbili, ukapita kidogo, ukaanguka.

"Rudia," alisema.

Polepole alirudia. Mshale ulianguka pale pale katikati, kama babu yake mtoto katikati ya kilima.

Binti alikuwa amesimama nyuma yake, povu mikononi. "Vipi, mama?"

"Kama sisi," Mama Waya alisema.

Binti alifuta mikono kwenye nguo, akampakata mtoto, akarudi naye penye beseni. Polepole aliondoa mguu kwenye pedali. Mama Waya alichomoa pini, akaikagua rangi ya kijani juu ya skrubu, akaikuta haina ufa, akafunga boneti.